Kikorea kwa Watoto wa Mwanza Kifundishwe kwa Kiswahili

BARUA YA WAZI

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Na Afisa Elimu wa Mkoa wa Mwanza.

Nakala: Ubalozi wa Jamhuri ya Korea, Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Ilemela. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu wangu naendesha klabu ya lugha ya Kikorea kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita, Ijumaa mchana baada ya vipindi. Lugha yenyewe nilifundishwa nikiwa chuoni na mwalimu wa kujitolea aliyetoka Busan, kisha nikaiendeleza kwa vitabu na simu. Ombi langu kwenu ni moja, nalisema mapema. Wazazi wameanza kuulizia Kikorea, na baadhi ya shule zimeanza kukigusa. Kama kitaingia katika shule za msingi za kanda hii, kifundishwe kwa Kiswahili, na kifundishwe na mwalimu Mtanzania ambaye mwakani bado atakuwepo shuleni.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza Kikorea na Mwanza vinakutania wapi. Vinakutania bandarini. Pale Mwanza Kusini ndipo ilipoundwa MV Mwanza, meli ya urefu wa mita 92.6, iliyosanifiwa kubeba abiria 1,200, mizigo tani 400 na magari 20. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Gas Entec ya Korea Kusini, na meli ilishushwa majini Februari 2023. MV Victoria, ambayo watu wa Bukoba waliisubiri kwa miaka, ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati uliofanywa na Wakorea. Vijana wetu wa kuchomelea, wa kupaka rangi na wa kuvuta nyaya walifanya kazi ubavuni mwa mafundi wale, na mara nyingi walielewana kwa ishara za mikono. Mwanafunzi mmoja alipojiunga na klabu alikuwa tayari na neno lake moja la Kikorea, "ppalli ppalli", haraka haraka. Alilipata nyumbani kwa baba yake mdogo aliyekuwa akichomelea vyuma bandarini.

Kwa upana wa nchi, uhusiano wa kibalozi wa Tanzania na Korea Kusini ulianza mwaka 1992, na treni za umeme zinazotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma zimeundwa na Hyundai Rotem. Jioni watoto wanaangalia tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili. Hayo yanaeleza kwa nini darasa linajaa siku ya Ijumaa. Hata hivyo siombi Kikorea kama njia ya ajira. Anayemwahidi mtoto wa miaka kumi na mmoja kazi ya Seoul anamdanganya yeye na mzazi wake. Naomba kwa sababu ya jambo ninaloliona darasani: Kikorea kikielezwa kwa Kiswahili, mtoto wetu anagundua kwamba lugha yake inatosha kuifafanua lugha ya mbali kiasi hicho, tena katika mambo mengi inakifafanua Kikorea kuliko Kiingereza kinavyoweza.

Nitoe mifano, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe.

Vitabu vya kuanzia Kikorea vinavyotufikia huku karibu vyote maelezo yake ni ya Kiingereza. Fungua sura ya familia. Kiingereza kinamwita kwa jina moja kaka wa baba, mdogo wa baba, kaka wa mama na mume wa shangazi, kwa hiyo kitabu kinalazimika kuchora mti wa ukoo na kuujaza mishale. Kwa Kikorea, kaka mkubwa wa baba ni keunabeoji. Keun ni kubwa, abeoji ni baba. Mdogo wa baba, akishaoa, ni jageunabeoji, yaani baba mdogo. Dada wa baba ni gomo, dada wa mama ni imo, na kaka wa mama ana jina lake peke yake, oesamchon. Nilipoandika keunabeoji ubaoni na kuyaeleza yale maneno mawili yaliyomo ndani yake, darasa lilisema "baba mkubwa" kabla sijamaliza. Mishale haikuhitajika. Mtoto wa Igombe au Kayenze anajua tangu hajaanza shule nani ni shangazi, nani mama mdogo, nani mjomba, na kila mmoja anastahili nini kwake. Kumpitisha kwenye neno moja la Kiingereza linalowachanganya wote ni kumpokonya anachokijua, kisha kumrudishia kwa taabu.

Twende kwenye sarufi. Shule ni hakgyo. "Shuleni" ni hakgyoe. Hiyo "e" ya mwisho inafanya kazi ambayo "ni" yetu inafanya, na inakaa palepale, mwishoni mwa jina. Ziwa ni hosu, ziwani ni hosue. Watoto wangu walitunga maneno ya namna hiyo kipindi kizima bila kuniuliza swali, kwa sababu hapakuwa na la kuuliza. Kinachowasumbua ni kitenzi kukaa mwisho wa sentensi: "mimi shuleni ninaenda", "mama dagaa anakaanga". Hilo nalo lina dawa ya Kiswahili. Sentensi inasemwa kwanza kwa Kiswahili katika mpangilio wa Kikorea, watoto wanacheka, wanaizoea, ndipo maneno yanabadilishwa moja moja. Kitabu cha Kiingereza hakiwezi kuwapa mchezo huo, maana wanafunzi wangu wa darasa la tano bado wanaunda sentensi za Kiingereza kwa shida.

Halafu kuna heshima. Kikorea kinabeba heshima ndani ya kitenzi. Rafiki anakuja, unasema chinguga wayo. Bibi anakuja, unasema halmeoniga oseyo, na kitenzi chenyewe kimebadilika kwa sababu ya bibi. Rafiki unamwambia annyeong, mkubwa unamwambia annyeonghaseyo. Nimesoma kurasa nyingi za Kiingereza zinazojitahidi kumweleza msomaji kwa nini umri wa mtu ubadilishe maneno, kana kwamba ni jambo la ajabu. Mtoto wa Usukumani aliyefundishwa kupiga goti na kusema shikamoo anauliza maswali ya hatua ya mbele. Binti mmoja aliniuliza kama mkubwa wa Kikorea naye ana jibu lake, kama marahaba yetu. Hana. Mkubwa anaweza kukujibu kwa annyeong ileile unayompa rafiki, na uzito wote unabaki kwa mdogo. Tulijadili jambo hilo kwa Kiswahili mpaka mwalimu wa zamu akaja kutukumbusha muda. Mjadala kama ule kwa Kiingereza usingewezekana katika darasa lile, na naamini mnalijua hilo kama ninavyolijua mimi.

Yapo pia yasiyofanana, na hapo ndipo kitabu cha kwetu kinahitajika zaidi. Chukueni saa. Kikorea kina hesabu za aina mbili: hana, dul, set za asili, na il, i, sam zilizotoka Kichina. Saa husomwa kwa zile za asili, dakika kwa zile za Kichina. Mtoto wa Kitanzania ana tatizo jingine ambalo mwandishi wa Seoul au London hawezi kulijua: kwake masomo yanaendelea saa tatu asubuhi. Akiambiwa aseme saa tatu kwa Kikorea atachukua set na kusema se si, na Mkorea atakuja alasiri. Jibu sahihi ni ahop si, yaani saa tisa kwa hesabu yao, maana wenzetu wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Hakuna kitabu kutoka nje nilichokiona kinachomtahadharisha mwanafunzi juu ya zile saa sita za tofauti. Mwalimu wa hapa analijua jambo hilo bila kuambiwa.

Kwa upande wa sauti, kuna sauti tatu za "p" ambazo sikio letu linazisikia kama moja au mbili. 불 (bul) ni moto, 풀 (pul) ni nyasi, 뿔 (ppul) ni pembe. Ninafurahi kila ninapofundisha maneno hayo matatu, maana watoto waliochunga ng'ombe wanayashika yote kwa mkupuo. Kipande cha karatasi mbele ya midomo kinamaliza kazi: kwenye nyasi karatasi inaruka, kwenye pembe inatulia. Kazi kubwa zaidi ni silabi zinazofungwa. Wali ni bap, na watoto wanasema "bapu", kwa sababu Kiswahili kimewazoesha kumaliza na irabu. Nawaambia wafunge midomo na wasiifungue mpaka nigonge dawati. Inachukua wiki kadhaa. Mwalimu mgeni asiyejua Kiswahili anasikia kosa lakini hajui linatoka wapi, na mara nyingi anadhani mtoto hasikii vizuri.

Lipo jambo dogo la kanda yetu ambalo nawaomba mlipe uzito. Watoto wengi wa Ziwa wanachekwa kwa kuchanganya r na l wanapozungumza Kiswahili. Kikorea kina herufi moja tu kwa sauti hizo, ㄹ, inayosikika kama r katikati ya irabu na kama l mwishoni mwa silabi. Bado wanapaswa kujifunza wapi itamkwe vipi, lakini kwa mara ya kwanza wanakutana na lugha ya shuleni ambayo haikuanza kwa kuwasahihisha. Na Kisukuma, ambacho katika shule nyingi kimefanywa kosa la kuadhibiwa, kina irabu saba wakati Kiswahili kina tano. Sikio lililokulia kwenye irabu saba haliogopi irabu mpya. Nimewaona watoto waliozoea kukaa kimya nyuma ya darasa wakitamka kwa usahihi irabu ambazo wenzao waliokulia mjini na Kiswahili peke yake wanazikosa. Nawaambia wazi kwamba wanaweza kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao. Kama Kikorea kingeleta faida hiyo peke yake ningeendelea kukifundisha.

Sasa niseme kuhusu mwalimu anayebaki. Katika shule moja ya kanda hii, ambayo sitaitaja, alikuja kijana wa kujitolea kutoka Korea. Alikuwa na moyo, watoto walimpenda, alifundisha nyimbo na kuandika majina yao kwa herufi za kwao. Muda wake ukaisha akaondoka. Vitabu alivyoviacha vilikuwa vya Kiingereza, na hakuna mwalimu aliyekuwa ameandaliwa kukaa naye darasani, basi vikafungiwa kabatini. Watoto waliendelea kuandika majina yao kwa herufi zile kwenye madaftari ya Hisabati, wakisahau moja moja. Simlaumu yule kijana. Alipewa watoto wakati alipaswa kupewa walimu. Wageni wanaotaka kutusaidia wapangiwe kukaa na walimu wetu, na walimu wetu wakae na watoto.

Pa kuwaandalia walimu hao papo. Chuo cha Ualimu Butimba kiko hapa Nyamagana, na kwa miaka mingi kimejulikana kwa sanaa na muziki. Kikorea cha darasa la tano kinahitaji nyimbo, maigizo, kadi za manila na vizibo vya soda. Herufi nimeziandika kwenye vizibo, na watoto wanavipanga kuunda silabi: konsonanti moja, irabu moja, na ikibidi konsonanti ya chini. Kwa kuwa walijifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, wazo la kujenga silabi si geni kwao. Wapo katika klabu wanafunzi wanaosoma Kiswahili kwa kusuasua, na kwa baadhi yao kupanga vizibo kumewarudisha kwenye jambo walilolikosa darasa la kwanza, kwamba kila alama ni sauti. Nazungumzia darasa langu tu, sidai zaidi.

Maandishi hayo ya Kikorea, Hangul, yana historia inayotuhusu. Mfalme Sejong aliyakamilisha mwaka 1443 na kuyatangaza 1446. Kabla yake Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo zilitaka miaka ya kusoma na hivyo zilibaki kwa wenye nafasi. Mfalme alieleza sababu yake: lugha ya nchi yake ilikuwa tofauti na ya China, na watu wa kawaida walikuwa na la kusema bila kuwa na namna ya kuliandika. Alitengeneza herufi 28, leo zinatumika 24 za msingi, konsonanti 14 na irabu 10, na maumbo ya konsonanti za awali yalifuata kinywa kinavyokaa: ㄴ ni ulimi unaogusa juu, ㅁ ni mdomo, ㅇ ni koo. Mwaka 1444 wasomi wa ikulu wakiongozwa na Choe Manri walimwandikia kumpinga, wakiona kwamba kuacha maandishi ya Kichina ni kujitenga na ustaarabu. Hoja hiyo tumeisikia hapa kwetu kila inapotajwa lugha ya kufundishia. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wajapani, ulioanza 1910 na kumalizika 1945, Kikorea kiliondolewa mashuleni. Baada ya hapo watu wale walijenga shule zao kwa lugha yao wenyewe. Na tuzo ya UNESCO ya Mfalme Sejong, iliyoanzishwa mwaka 1989 kwa fedha za serikali ya Korea, inawapa uzito maalumu wanaofundisha watu kusoma kwa lugha zao za mama. Kuileta lugha yenye historia hiyo Mwanza kwa maelezo ya Kiingereza, mbele ya watoto wanaosoma masomo yao kwa Kiswahili, ni jambo ambalo ubalozi wenyewe nadhani hautaona ugumu kutusaidia kuliepuka.

Wala Mwanza haitakuwa inajaribu kitu kigeni kwake. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, uliosimamiwa kwa ushirikiano na UNESCO, ulifanyika katika mikoa ya Ziwa, na makao yake yalikuwa hapa Mwanza. Vitabu vyake viliandikwa kwa Kiswahili, vikahusu pamba, uvuvi, ndizi na ng'ombe, yaani kazi za wasomaji wake. Ukerewe ilikuwa miongoni mwa sehemu sita ambazo Mwalimu Nyerere alitaka ujinga wa kusoma ufutwe humo kabla ya 1971 kwisha. Wazee waliofundishwa enzi hizo bado tunao visiwani. Kwa hiyo ninaposema kitabu cha kwanza cha Kikorea kwa watoto wa Ziwa kiandikwe hapa, naomba kitu ambacho mji huu umeshawahi kukifanya. Somo la kwanza lisiwe treni ya chini ya ardhi na theluji. Liwe kivuko cha Kamanga, samaki wa Mwaloni, mvua ya masika, shikamoo. Theluji ije baadaye, na itapendeza zaidi ikija kama habari za kwao baada ya mtoto kuweza kueleza za kwake.

Waandishi wanaweza kupatikana. Seoul kuna Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni, ambako Wakorea wanasoma Kiswahili. Watu wanaojua lugha zote mbili wapo, na ubalozi unaweza kutuunganisha nao. Wakae na walimu wachache wa msingi wa hapa, na mtaalamu wa mitaala kutoka Taasisi ya Elimu, watoe kitabu chembamba cha mwanafunzi na kiongozi cha mwalimu. Taasisi inayo maktaba yake mtandaoni ambako vitabu vya kiada husomwa bure, na kitabu hiki kiwekwe humo, ili mwalimu wa Ukerewe au Sengerema asisubiri boksi kutoka Dar es Salaam.

Najua pingamizi zitakazokuja, na nyingine ni za haki. Mwalimu mwenzangu anayefundisha watoto waliobanana kwenye madawati ana sababu ya kuuliza kwa nini tuongeze lugha wakati matundu ya choo hayatoshi. Nikipewa kuchagua kati ya choo na Kikorea nitachagua choo. Lakini ninachoomba hakigusi fungu hilo: ni kitabu, mafunzo ya walimu wachache, na ruhusa. Wengine watasema watoto bado hawajaimudu lugha ya Kiingereza. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema Kikorea kisipitie huko. Kuhusu muda, kisichukue kipindi cha Kiswahili, cha Hisabati wala cha Sayansi. Kibaki cha kuchagua, mchana, kwa darasa la tano na la sita ambao kusoma na kuandika wameshapita. Nchini kwetu lugha za kigeni za kuchagua zipo tayari, Kifaransa, Kiarabu na Kichina, kwa hiyo ruhusa ya aina hii si jambo jipya.

Kwa kipindi kimoja au viwili kwa wiki mtoto hatakuwa mzungumzaji wa Kikorea, na tusimwambie mzazi hivyo. Atasoma herufi zote, atasalimia kwa heshima inayofaa, ataitaja familia yake, atasema saa, atauliza bei na njia, na atajua jinsi ya kujifunza lugha. Kuna mtihani wa kimataifa wa Kikorea, TOPIK, ulioanza mwaka 1997 na wenye ngazi sita. Usiletwe shule ya msingi. Nawaomba sana kisiwepo kipimo chochote cha taifa kwa somo hili, wala kisitumike kupanga nani ni bora. Tukikifanya mtihani kitahamia tuisheni, na tuisheni ni ya mwenye fedha. Kwa sababu hiyohiyo nawaomba muweke katika waraka kwamba hakuna mchango wa mzazi kwa ajili ya Kikorea, hata wa karatasi. Nimeona klabu nyingine zilizoanza kwa mchango mdogo, na watoto wa kwanza kutoweka walikuwa wale wa wavuvi wakati samaki wamepungua.

Naomba muanze na shule chache: mbili au tatu za Nyamagana na Ilemela, na angalau moja ng'ambo ya maji, Ukerewe au Sengerema, ili jambo hili lisiwe la watoto wa mjini peke yao. Ziwe za serikali zote. Walimu wawili kila shule, kwa sababu mwalimu mmoja akihamishwa klabu inakufa, na uhamisho hauepukiki. Mwaka mmoja wa kuandaa walimu na kitabu kabla ya mtoto yeyote kuitwa darasani. Najua mwaka ni mrefu kwa watu wanaopenda kuzindua. Bila huo mwaka tutarudia kabati lililofungwa.

Azimio la kazi la mihula miwili, maandalio ya masomo niliyokwisha kuyafundisha, na rasimu ya sura za mwanzo kwa Kiswahili, yaani salamu, familia, saa, sokoni na ziwani, vyote ninavyo tayari na ninavitoa bure kwa yeyote mtakayempa kazi hii. Nikiitwa Butimba, Dodoma au ofisi ya Afisa Elimu Mkoa nitakuja navyo, na nikiruhusiwa nitakuja na watoto wanne wa klabu wawaonyeshe vizibo vinavyopangwa. Ijumaa yoyote ya muhula klabu iko wazi kwa mkaguzi, kwa afisa elimu kata, na kwa mgeni wa ubalozi atakayependa kukaa dawati la nyuma.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi ya serikali
Manispaa ya Ilemela, Mwanza